Kisima Kilichopambiwa Mgeni

Nyinyi mnaolibeba sanduku la chupa baada yangu mliniomba, siku mliponiaga kwa keki na hotuba ndefu kupita kiasi, niwaachie maneno machache kuhusu kazi. Siku ile sikusema kitu kwa sababu biriani ilikuwa inapoa, nami nilijua kuliko wote mle ukumbini yanayoupata wali wa nyama ulioachwa wazi kutwa nzima. Basi nayasema sasa, nikiwa nyumbani kwangu Kibokoni, humu Mji wa Kale, na mjukuu wangu Swabra anaandika. Mimi sikupelekwa skuli. Nilikaa chuoni kwa mwalimu hadi nikahitimu msahafu, kisha nikaolewa. Herufi za kizungu hatukuwahi kujuana. Kwa hiyo makosa ya hati ni ya Swabra. Makosa ya kazi ni yangu, nami nitayataja mwenyewe bila kusukumwa.

Vyeo na mishahara siviingizi humu. Nilianza na ufagio katika ofisi ya afya ya mji, nikamaliza na sanduku la barafu, na katikati ya ufagio na sanduku kuna jambo moja tu la kueleza: namna nilivyotolewa ukumbini nikapelekwa visimani.

Ilikuwa hivi. Afisa wa afya wa wakati huo alikuwa kijana wa kutoka bara, mchapakazi, mwenye viatu vilivyong'aa hadi vikawatisha kuku. Alitumwa achukue maji ya visima vya majumbani huku kwetu ili yapimwe. Akaenda mlango kwa mlango saa nne ya asubuhi, waume wamo makazini, akigonga kama mdai. Kila mlango akajibiwa na sauti ya mwanamke kutoka ndani: "Hakuna mtu." Kwetu maana yake ni kwamba mwenye nyumba hayupo, na wewe mwanamume nenda zako. Yeye akarejea ofisini akaandika kwamba mtaa mzima umehamwa. Nilikuwa nafagia nikamsikia akimsomea mkubwa wake habari hizo kwa huzuni.

"Bwana afisa," nikamwambia, "hao watu wamo. Wamejaa tele. Nipe mimi hizo chupa."

Akanitazama, akautazama ufagio, akanipa chupa sita.

Nilirudi adhuhuri na chupa zote zimejaa, nimejaa na fahari pia. Aliyezipokea maabara alikuwa Bwana Mwakio, Mtaita mrefu mwenye kuimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya puani, ambaye kwa miaka mingi baadaye alikuwa mwalimu wangu. Akaishika chupa ya kwanza, akainusa.

"Mama, hii chupa umeifanya nini?"

"Nimeiosha. Mara tatu, kwa sabuni. Siwezi kutia maji ya watu katika chupa nisiyoiosha."

"Umeiosha kwa maji gani?"

"Ya mfereji wa pale pale."

Akazimwaga zote sita kwenye sinki mbele ya macho yangu, huku akiimba. Alipomaliza ubeti akasema, "Chupa hizi nimezitia katika joto linaloua kila kilicho hai. Wewe umechukua kilicho safi ukakiosha kwa kichafu. Kesho nenda tena, na ukiona kitu kinang'aa, kiache."

Basi hilo ni la kwanza, na nyinyi mliosoma vyuo vikuu nimewaona mkilisahau. Chupa haioshwi. Kifuniko hakiwekwi chini wala mkononi kwa mtoto wa watu akusaidie. Kinashikwa kwa vidole viwili, uso wake ukitazama ardhi. Mfereji hufutwa, huchomwa kwa moto wa pamba iliyotiwa spiriti, kisha huachwa utiririke kwa muda wa kusoma nusu ya sura ya Yasini. Bwana Mwakio alikuwa na hesabu yake ya dakika, mimi nilikuwa na yangu, na tulifika pamoja. Kisimani hutumii ndoo ya nyumba, kwa maana ndoo ya nyumba imekwisha kuogesha watoto na kusafisha samaki. Unafunga chupa kwa uzi uliochemshwa, unatia chubwi, lile pande la risasi la wavuvi, ili izame, unaiteremsha katikati bila kugusa ukuta. Na kwa kuwa sikujua kuandika majina, nilinunua nyuzi za rangi Biashara Street: nyekundu kwa kisima, buluu kwa mfereji, nyeupe kwa tangi, na mafundo kwa nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Walicheka. Kisha mvua ikaingia ndani ya sanduku, karatasi zao zikafutika, nyuzi zangu zikabaki. Kicheko kikapungua.

Vijidudu vyenyewe sikuvitilia maanani mwanzoni. Bwana Mwakio alinieleza kwamba bakteria wa kinyesi wamo katika maji yaliyo meupe kama kioo, nami nikamwambia kwetu maji ya kunywa hufukizwa kwa ubani wa Maka ndani ya mtungi, yakanukia hata mgeni akaomba kikombe cha pili. Hakubisha. Alinionyesha mirija yake midogo yenye rangi ya zambarau. Akatia maji matamu yanukiayo, niliyoyatoa mtungini mwangu mwenyewe, akayafungia katika kabati lenye joto la mwili. Baada ya siku mbili mirija ilikuwa ya manjano, ina povu. "Hao wamekula, wamezaana, na wanajamba," akasema. Samahani kwa neno hilo. Ni lake, na Swabra alikataa kuliandika mpaka nilipomkaripia. Tangu siku ile nyumbani kwangu maji huchemshwa kwanza, ubani baadaye.

Vyakula navyo vilikuja. Feri nilipelekwa mara nyingi, kwa maana watu wanaovuka kwenda Likoni hula na kunywa huku wakikimbia, na mwenye kukimbia hatazami. Siku moja nilisimama kwa muuza maji ya miwa, foleni ndefu, barafu inametameta.

"Barafu hii waitoa wapi, mwanangu?"

"Kiwandani, mama. Safi kabisa."

"Kiwanda kipi?"

"Cha... cha samaki."

"Basi hii ni sharubati au mchuzi?"

Foleni ikacheka. Mteja mmoja aliyekuwa amekwisha kunywa nusu aliitazama bilauri yake kama mtu aliyekabidhiwa talaka. Nilichukua pande la ile barafu, na mirija ya Bwana Mwakio haikungoja hata siku ya pili. Muuzaji hakufungwa, alionyeshwa, akabadilisha barafu, na hadi leo akiniona huniita Bi Mchuzi. Namwitikia kwa ubaridi unaostahili.

Sasa nije kwa kosa langu, ambalo kwa ajili yake nimemkalisha mtoto huyu na kalamu.

Fahari yangu ilikuwa adabu. Kwetu huendi nyumba ya mtu ukamfuma. Unatanguliza salamu siku moja kabla: kesho, inshallah, nitapita kwa kazi ya maji. Mwenye nyumba akajitayarisha, akajifunika, ukaingia ukakaribishwa. Kwa njia hiyo hakuna mlango wa Mji wa Kale uliofungwa mbele yangu kwa miaka yote. Maafisa walikuja na kuondoka, kila mmoja akaambiwa, "Ukitaka kuingia ndani, mtume Bi Rehema." Nilidhani huo ndio ufundi wenyewe.

Miaka michache kabla sijastaafu, mifereji ya mtaani ilikauka kwa majuma mengi. Watu wakageukia visima, na kisima kilichotegemewa zaidi kilikuwa cha shangazi yangu, Bi Nuru, dada yake babangu, mjane mwenye nyumba kubwa na ulimi usiohitaji kunolewa. Marehemu mumewe alikiacha kisima kile kiwe sadaka: ajaye na ndoo asirudishwe. Bi Nuru alikilinda kama amana. Alikuwa akisema kila ndoo inayotoka ni nuru katika kaburi la bwana wake.

Miongoni mwa waliochota pale alikuwa Zuhura. Huyu alikuwa na meza na benchi pembeni mwa njia, akiuza mbaazi na mahamri asubuhi na maji ya ukwaju mchana. Mume alimwacha na watoto watatu na mama mgonjwa, na wote watano waliishi kwa meza ile. Mikono yake ilikuwa safi kuliko ya wakubwa wangu wengi.

Kisha watoto wa mtaa wakaanza kuhara, mmoja baada ya mwingine, na wawili wakalazwa. Wengi wao walikuwa wamekunywa ukwaju wa Zuhura. Ofisi ikanituma nichukue ule ukwaju, na maji ya kisima unayotengenezewa. Ukwaju niliuchukua Alhamisi, kwa kuwa muuza chakula haombwi ruhusa. Kwa Bi Nuru nilituma salamu kama desturi, nikaenda Ijumaa. Ua ulikuwa umefagiwa, ubani unafuka kando ya kisima, kahawa na halua mezani. Nikateka, nikala halua, nikaondoka na dua zake.

Majibu yakatoka. Ukwaju: manjano tupu. Kisima: zambarau, safi kama siku ya Idi.

Afisa mpya, mtu mwadilifu asiyependa maneno mengi, akasema hesabu ni nyepesi. Maji yanaingia safi kwa Zuhura, yanatoka machafu. Basi uchafu ni wa Zuhura. Meza ikafungwa Jumatatu, na akaambiwa Jumatatu inayofuata leseni itafutwa moja kwa moja, asiuze tena chakula popote kisiwani, isipokuwa ipatikane sababu nyingine. Mimi ndiye niliyempelekea karatasi. Sikuweza kuisoma, lakini nilijua imeandikwa kwa chupa yangu.

Jumanne jioni nilikwenda kwake. Alikuwa ameigeuza meza miguu juu, watoto wamekaa ndani yake wakijifanya wamo motokarini. Nikaanza na la kazi.

"Zuhura, nieleze. Ndoo zako waziosha vipi?"

"Kama unavyoosha zako, Bi Rehema. Ama umekuja kunizika mara ya pili?"

"Nimekuja kuuliza. Kisima ni kizuri, nimekipima mwenyewe."

Akacheka kicheko kikavu. "Kizuri siku ukija wewe. Sisi jirani hatuhitaji kuambiwa Bi Rehema yuwaja kesho. Twajua kwa kunusa ndoo. Maji hunuka dawa mpaka macho hutoka machozi. Siku hiyo siwezi hata kuloweka ukwaju, huharibika ladha. Hungoja wewe uje, uende, kisima kirudi kuwa kisima."

Nilikaa ukingoni mwa meza ile, motokari ikaharibika, watoto wakalalamika.

Mnaona. Salamu zangu zilimfikia Bi Nuru, naye akafanya analofanya kila mwenye heshima anapotangaziwa mgeni: akasafisha. Mwingine hutandika mkeka mpya. Yeye alitia kisimani unga wa klorini. Usiku kucha vijidudu vikafa, asubuhi ubani ukaifukuza harufu, mimi nikateka maji yaliyopambwa kama biharusi. Hakukusudia kudanganya. Alikuwa akinienzi. Na miaka yangu yote ya majibu safi ya Mji wa Kale, nikaanza kuihesabu mmoja mmoja, nikaacha, kwa sababu hesabu ile haikuwa na mwisho mwema.

Jumatano, saa moja ya asubuhi, nilifanya jambo ambalo mamangu angenipiga kwalo. Nilikwenda kwa Bi Nuru bila salamu. Nilibisha hodi, mtumishi akafungua, nikaingia moja kwa moja uani na sanduku langu.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi, kichwa wazi, nywele zimepakwa mafuta ya nazi. Aliponiona alisimama, akashika kifua.

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, shangazi. Sabalkheri. Nimekuja kuteka maji."

"Ijumaa hukuteka?"

"Niliteka."

"Na hukukaribishwa?"

"Nilikaribishwa mno. Hilo ndilo lililonirudisha."

Alikuwa mwanamke mwenye akili, sikuhitaji kueleza. Aliuvuta mtandio akajifunika polepole, kana kwamba mimi ni mwanamume wa kando.

"Rehema, wewe ni damu ya kakangu. Waja nyumbani kwangu kama mpekuzi?"

"Naja kama mchukua maji. Zuhura anafungiwa mlango wa riziki kwa chupa niliyoijaza hapa."

"Kisima cha bwana wangu hakijaua mtu."

"Basi tukiache kiseme chenyewe."

Nikafunga uzi, nikatia chubwi, nikateremsha. Chupa ikagusa ukuta, nikaitupa, nikachukua nyingine, kwa sababu kosa moja lilikuwa limenitosha. Mara hii hapakuwa na halua.

Ijumaa Bwana Mwakio, ambaye naye alikuwa amebakiza miezi michache kustaafu, aliniita. Hakuwa akiimba. Mirija yote ilikuwa manjano, kuanzia ule wa maji mengi hadi ule wa tone.

"Mama," akasema, "kisima hiki na choo cha mtu vinazungumza."

Vilikuwa vikizungumza kwa kweli. Nyumba ya nyuma ilikuwa imepandishwa ghorofa mbili na kutiwa wapangaji, lakini shimo la choo likabaki lile lile la babu zao, limeegemea ukuta wa Bi Nuru. Afisa akaenda mwenyewe akaliona. Mwenye nyumba akaamriwa kulifukia na kuchimba jingine mbali. Kisima kikafunikwa. Kwa Zuhura karatasi ya kufutwa haikuandikwa. Aliambiwa achemshe maji ya ukwaju na ya kusuuzia vyombo, akasema atachemsha hata mahamri wakitaka.

Kisheria jambo likaisha. Mtaani halikuisha. Mtu akishasemwa na serikali kwamba chakula chake kina ugonjwa, serikali ikibadilisha maneno hakuna anayekuja kusikiliza. Zuhura alifungua meza Jumatatu ile ile aliyokuwa afutwe. Mbaazi zilikuwa zinatoa moshi, mahamri yamejaa kapu, na watu wakapita wakimsalimia kwa mapenzi makubwa bila kupunguza mwendo. Nilikaa kwenye benchi, nimevaa koti la kazi, nikala sahani mbili. Haikusaidia kitu. Walisema, "Bi Rehema hulipwa kwa hayo." Jumanne hivyo hivyo. Jumatano alipika nusu. Alhamisi akaniambia akiona siku ile imepita vile vile, ataiuza meza.

Bi Nuru hakuwa amenena nami tangu siku ya maji. Nilimtumia salamu, zikarudi zilivyokwenda. Nilijua linalomuuma si mimi peke yangu: kisima kilikuwa kimefunikwa kwa mbao, na ndoo za sadaka zimekoma.

Alhamisi ile, saa mbili, mlango wake ukafunguka. Akatoka amevaa buibui lake jeusi la zamani, fimbo mkononi, mtumishi nyuma yake. Bibi wa hadhi yake hajaonekana akila njiani tangu Kibokoni iwe Kibokoni. Wenye maduka wakasimama. Akaja polepole hadi kwenye benchi, akaligonga kwa fimbo nikasogea, akaketi kando yangu bila kunitazama.

"Zuhura," akasema kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa njia, "nipe mbaazi. Maji yaliyowaumiza watoto yalikuwa yangu. Chakula chako hakikuwa na neno."

Zuhura alishindwa kushika upawa, nikampakulia mimi. Bi Nuru akala kijiko kimoja, cha pili, cha tatu, njia nzima ikimtazama koo. Akaifuta midomo kwa ncha ya mtandio.

"Chumvi haba," akasema.

Mwuza vitambaa wa mbele akaja na bakuli. Akafuata mke wa mwalimu wa chuo, kisha watoto wenye vikombe, na Zuhura akawa anapakua huku analia na kuomba radhi ya chumvi. Kabla ya saa nne sufuria lilikuwa linakwanguliwa.

Bi Nuru aliponyanyuka kwenda zake, alinishika bega ili ajiinue, na hapo ndipo aliponena nami.

"Siku hizi waingia nyumba za watu kama askari, Rehema. Hodi ungali waijua?"

"Hodi nitabisha kila mara, shangazi. Ila salamu za jana yake sitatuma tena."

Akasema, "Basi ukija ukanikuta kichwa wazi, usiniangalie," akaondoka na fimbo yake.